Nakshi, Chapa na Ala ya Bastola

Somo la historia kwa watu wazima

   Soma polepole, na ukiwa na jirani asiyejua kusoma, msomee kwa sauti, kisha mzungumze pamoja.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri mara moja habari za wafalme, vita na mikataba. Hiyo ni historia kweli, lakini si yote. Jembe lina historia yake, kiatu kina historia yake, hata kifuko cha ngozi kina historia yake. Leo tutachukua kitu kimoja kidogo, nacho ni ala ya bastola.

Ala unaijua: ndiyo nyumba ya kisu, ya upanga au ya jambia. Ala ya bastola ni kitu cha namna hiyo hiyo, yaani kifuko cha ngozi kinachovaliwa katika mshipi, bastola ikakaa ndani. Tutaitazama ile iliyotengenezwa katika nchi za magharibi ya Marekani. Mara nyingi ngozi yake imejaa maua na majani yaliyopigwa kwa vyuma vidogo, na pengine limepigwa pia jina la fundi.

Sisi hapa hatujifunzi habari za kupiga risasi. Twataka kujua mambo matatu. Kwanza, maua yale yalitoka wapi? Pili, jina lile latuambia nini, na latuficha nini? Tatu, imekuwaje kazi iliyokuwa riziki ya mafundi ikageuka kuwa kazi ya kujifurahisha nyumbani, na kwa kugeuka hivyo ikaokoka?

1. Jinsi ngozi inavyopokea chapa

Tuanze na ngozi yenyewe, maana asiyeijua ngozi hataielewa nakshi.

Ngozi mbichi huoza. Ili isioze sharti itiwe dawa. Dawa moja ya kale sana ni maji yaliyolowekwa magome ya miti. Ndani ya magome mna kitu kiitwacho tanini. Hata wewe umekwisha kukionja: ndicho kinachokaza ulimi unywapo chai kali isiyo na maziwa. Ngozi hukaa katika maji hayo siku nyingi, na zamani ilikaa miezi, mpaka dawa iingie hadi katikati.

Hapa nchi zetu zina sehemu yake. Magome ya mikoko ya pwani ya Afrika ya Mashariki yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Kadhalika miti ya miwati ilipandwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika kwa ajili ya magome yake. Kule Njombe kampuni ya kupanda miwati ilianzishwa mwaka wa 1949. Basi watu waliobandua magome hapa walikuwa na mkono katika kazi za mafundi wa ngozi wa nchi za mbali.

Ngozi ya magome ina tabia moja ya ajabu. Ukiilowesha kidogo, kisha ukaiacha mpaka rangi yake ya kwanza ianze kurudi, huwa kama udongo wa mfinyanzi. Ukiibonyeza kwa chuma, alama hubaki, na ikikauka, alama haitoki. Fundi huchora ua lake, halafu hufuata mistari kwa kisu kifupi kinachozunguka katika mpini wake. Kisu hicho hakikati ngozi mpaka chini. Hupasua uso tu. Kisha fundi hushika vyuma vidogo vyenye alama mbalimbali, ndizo chapa, na kuvigonga kimoja kimoja kwa nyundo ya mti au ya ngozi iliyokunjwa. Hatumii nyundo ya chuma, maana itaharibu vichwa vya chapa zake. Chapa moja hushusha ngozi iliyo kando ya ua, na ua likaonekana limeinuka. Nyingine hutia kivuli, nyingine mishipa ya jani.

Iko chapa moja ipendwayo sana, inayofanana na ukili wa mkeka. Fundi huipiga mstari baada ya mstari, alama zikapandana, hata ngozi ikaonekana kama imesukwa. Ni nakshi nzuri, tena ina faida nyingine: hufunika mikwaruzo ambayo ng'ombe aliipata porini kwenye miiba na nyaya.

Tabia hiyo hiyo ya ngozi ndiyo itumikayo kuipa ala umbo lake. Ngozi ikisha kushonwa kwa uzi uliotiwa nta, huloweshwa, kisha hutiwa ndani bastola isiyo na risasi, au mfano wake wa mti, na fundi huibana kwa vidole mpaka ifuate kila pembe. Huachwa ikauke polepole kivulini. Baada ya hapo bastola hukaa ndani bila kuchezacheza.

Mnamo mwaka wa 1884 Bwana Augustus Schultz wa New York alipata hati ya uvumbuzi wa njia nyingine ya kutengeneza ngozi, kwa chumvi za madini ya kromu. Njia hiyo ni ya haraka sana, nayo hutoa ngozi laini. Viatu vingi tuvaavyo leo ni vya ngozi ya kromu. Lakini ngozi ya kromu haishiki chapa vizuri. Ukiibonyeza hurudi kama mpira. Kwa hiyo kazi ya nakshi ilibaki kutegemea magome ya miti kama zamani, wakati viwanda vilipokuwa vikienda upande mwingine.

2. Safari ya nakshi

Sasa tuulize nakshi zilitoka wapi. Tusidhani kwamba zilizaliwa Marekani.

Mwaka wa 711 majeshi ya Waarabu na Waberiberi yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini na kuingia Hispania. Mwaka wa 756 Abd al-Rahman wa ukoo wa Bani Umaiya akaanza kutawala huko, makao yake yakiwa mji wa Cordoba. Mji huo ukawa mashuhuri kwa mengi: msikiti wake, elimu yake, na ngozi yake. Sifa ya ngozi ya Cordoba ilienea Ulaya nzima, hata neno la Kifaransa la kumwita fundi wa viatu, cordonnier, lilitokana na jina la mji huo. Mwaka wa 1236 mfalme Mkristo aliuteka Cordoba. Utawala ulibadilika, lakini ufundi haukufa.

Ni kweli kwamba mafundi wa nchi nyingine za Ulaya nao walijua kuchora ngozi. Lakini njia ya kwenda Marekani ya magharibi ilipita Hispania. Mwaka wa 1519 Hernán Cortés alitua Mexico na askari wake, na pamoja nao farasi 16. Baadaye wakaletwa ng'ombe wengi. Penye farasi pana matandiko, hatamu na mikanda, na penye vitu hivyo pana fundi wa ngozi. Baada ya muda wachunga ng'ombe wa Mexico, waliokuwa wakifanya kazi juu ya farasi kutwa, wakawa na matandiko yao ya namna ya peke yake, yenye maua na majani yanayojisokota. Mtu aliyeizoea milango ya nakshi ya Lamu na Unguja akiyatazama matandiko hayo hataona ugeni mkubwa.

Texas ilijitenga na Mexico mwaka wa 1836. Baada ya vita vya 1846 hadi 1848, Mexico ikapoteza California na nchi nyingine nyingi, zikawa za Marekani. Basi tazama jambo hili: mpaka ulihama, fundi hakuhama. Wamarekani walipofika huko waliwakuta watu wanaojua kufuga ng'ombe juu ya farasi, wakajifunza kwao kazi, mavazi, matandiko na nakshi.

3. Bastola ya Bwana Colt yapata ala

Mwaka ule ule wa 1836 Samuel Colt, kijana wa miaka 21, alipata hati ya Marekani ya bastola yenye silinda inayozunguka, iwezayo kupiga mara kadha kabla ya kujazwa tena. Mwanzoni silaha hizi hazikukaa kiunoni. Ile ya mwaka 1847, iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wapanda farasi, ilikuwa na uzito wa ratili nne na nusu. Nani ataweza kufunga chuma cha namna hiyo mshipini na kutembea nacho siku nzima? Ilibebwa na farasi, katika ala mbili kubwa zilizoning'inizwa mbele ya tandiko.

Mwaka wa 1848 dhahabu ilionekana California, na watu maelfu wakakimbilia huko. Mwaka wa 1851 Colt alitoa bastola nyepesi zaidi, ya ratili mbili na nusu hivi. Hapo ndipo silaha iliposhuka kutoka farasini ikaja kiunoni, na mafundi wa matandiko wa California wakaanza kukata ala nyembamba zilizofuata umbo la bastola. Walikuwa na vyuma vyao vya nakshi mkononi tayari, wakatia maua katika ala kama walivyotia katika tandiko.

Miaka ya 1870 ikaenea ala nyingine, ikatwayo katika kipande kimoja kikubwa cha ngozi. Nusu moja hukunjwa na kushonwa iwe mfuko. Nusu ya pili, iliyo pana, hugeuzwa nyuma, kisha hupasuliwa matundu mawili au matatu, na ule mfuko ukapenyezwa katika matundu hayo kama kidole katika pete. Mshipi hupita juu, katikati ya mikunjo miwili. Haina chuma, haina kifungo, na mshono wake ni mmoja tu. Wamarekani wanaiita ala ya Mexico. Tena ule upande mpana wa nyuma ulikuwa kama ubao mtupu mbele ya mchoraji.

Hapa yafaa tusahihishe picha moja iliyoenezwa na sinema. Wachunga ng'ombe wengi hawakuwa mabingwa wa kupigana. Walikuwa vibarua, na miongoni mwao walikuwamo watu weusi wengi, wengine waliozaliwa utumwani, na Wamexico wengi. Tena miji kadha ilikataza kabisa kuchukua silaha ndani ya mji. Mji wa Tombstone katika Arizona uliweka sheria hiyo mwezi wa Aprili mwaka 1881, na yale mapigano yake mashuhuri ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo yalianza polisi walipokwenda kuwanyang'anya watu silaha zao. Kwa watu wengi ala ilikuwa chombo cha kulinda chuma kisipate vumbi, mvua na jasho la farasi.

4. Chapa ya jina

Reli ilifika Cheyenne, Wyoming, mwaka wa 1867. Mji ukajaa wafugaji, na wafugaji wakataka matandiko. Fundi mmoja aliyejulikana sana huko alikuwa Frank Meanea. Kazi zilizotoka dukani kwake zilipigwa chapa ya jina lake, jina la mji, na katika nyingine herufi mbili, W.T.

Herufi hizo mbili ni hazina kwa mwanahistoria. Maana yake ni kwamba Wyoming ilikuwa bado jimbo dogo linaloangaliwa na serikali kuu, hali iliyoanza mwaka 1868. Mwaka wa 1890 ilikubaliwa kuwa dola kamili ndani ya Marekani, na herufi zile zikawa hazina maana tena. Basi ukiona ala yenye W.T., waweza kukisia kwamba ilitengenezwa kabla ya 1890. Lakini usiharakishe kuapa. Huenda fundi aliendelea kutumia chapa ya zamani kwa muda, au mjanja wa siku hizi amepiga chapa ya uongo ili auze kwa bei kubwa. Mwanahistoria huuliza chapa swali, kisha huuliza na ngozi, na uzi, na mkato, aone kama mashahidi wote wanasema neno moja.

Na sasa swali kubwa zaidi. Jina lile ni la nani? Ni la mwenye duka. Katika duka kubwa walikuwapo watu wengi: mkataji, mshonaji, mchoraji wa maua. Aliyeinama juu ya jiwe la kazi na kugonga chapa mamia ya mara mpaka ua likachanua, jina lake halikupigwa popote. Kazi yake imo katika majumba ya makumbusho, watu huitazama nyuma ya kioo, na yeye hajulikani. Chapa humwonyesha mmoja na huwaficha wengine.

5. Ufundi wakaribia kufa

Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mambo mawili yaliwapiga mafundi hawa. La kwanza ni kiwanda. Mashine iliweza kubana ngozi kwa bamba lenye maua, nakshi yote ikatoka kwa mara moja, na maduka makubwa yaliyouza kwa orodha na kupeleka kwa posta, kama Sears, Roebuck, yaliuza ala na matandiko kwa bei ambayo fundi wa mkono hakuiweza. La pili ni motokaa. Mwaka wa 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lake la bei nafuu. Mtu aliyenunua motokaa hakuhitaji tandiko jipya, na fundi aliyekosa kuuza tandiko hakuwa na mwanafunzi wa kumfundisha.

Hapo ndipo penye hatari. Ufundi huu ulikuwa katika mikono na macho ya wazee. Mwanafunzi alijifunza kwa kukaa karibu na mwalimu miaka mingi. Mwanafunzi akikosekana, mzee hufa na ujuzi wake. Wahenga wetu wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na ufundi nao ni mali.

6. Kazi yageuka kuwa mapumziko

Wokovu ulitoka mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwaka wa 1919 Norton Hinckley na Dave Tandy walifungua kampuni katika mji wa Fort Worth, Texas, ya kuuza ngozi za soli na vifaa vya mafundi viatu. Ikaja Vita Kuu ya Pili, na ngozi ya viatu ikawa haba. Charles Tandy, mwana wa Dave, alikuwa katika jeshi la majini huko Hawaii. Huko aliona kwamba katika hospitali na nyumba za mapumziko ya askari, wagonjwa na majeruhi walipewa vipande vya ngozi, sindano na chapa, wakatengeneza pochi na mikanda. Kazi hiyo ilirudisha nguvu za vidole na kutuliza mioyo. Wengine walipopona hawakuiacha.

Vita vilipokwisha, Charles Tandy aliwageukia watu hao. Mwaka wa 1950 kampuni ilifungua maduka mawili ya vifaa vya kazi ya ngozi kwa watu wa kawaida, moja El Paso na moja San Antonio, na baadaye mengi zaidi. Karani au mkulima aliweza kununua ngozi iliyokwisha kukatwa, chapa chache na uzi, akafanya kazi mezani kwake jioni.

Lakini chapa bila mafunzo ni vyuma tu. Ndipo ikaja sehemu ya mwalimu. Al Stohlman, aliyezaliwa 1919 na kufariki 1998, alikuwa fundi na mchoraji. Mwaka wa 1952 kilitoka kitabu chake cha kufundisha kuchora ngozi, na baadaye akaandika vingine, kimoja kikiwa juu ya kutengeneza ala za bastola. Alieleza kwa picha, hatua kwa hatua, jinsi ya kushika kisu, chapa ipi itangulie, na jinsi ya kukata ala ili bastola isianguke.

Katika Kiswahili neno chapa lina kazi nyingi: twapiga chapa ng'ombe, twapiga chapa ngozi, na twapiga chapa vitabu. Basi twaweza kusema kwamba chapa ya kitabu iliokoa chapa ya ngozi.

Miaka hiyo hiyo televisheni ilijaa hadithi za wachunga ng'ombe. Gunsmoke ilianza kuonyeshwa mwaka wa 1955, na fundi Arvo Ojala alijulikana kwa kutengenezea waigizaji ala zenye bati ndani, ili bastola itoke upesi. Ala hizo zilikuwa za mchezo kuliko za kazi, lakini ziliwatia watu wengi hamu ya kushika ngozi. Waliodumu katika kazi hiyo wakajifunza pia busara yake, kwa mfano kufunika kifyatulio kwa ngozi ili kidole au kijiti kisikiguse, jambo ambalo ala nyingi za zamani hazikulijali.

Wapo waliolalamika kwamba kila mtu akifuata kielelezo kimoja, maua yote yatafanana na uzuri utapotea. Neno hilo lina haki yake. Lakini tazama mji wa Sheridan, Wyoming. Huko Don King (1923–2007) na wenzake waliendeleza nakshi ya namna yao, yenye maua madogo yaliyofungwa ndani ya mizunguko ya mashina, na sasa nakshi hiyo yaitwa kwa jina la mji wao, na watu wa nchi mbalimbali wanajifunza. Kielelezo ni kama fimbo ya mtoto anayeanza kutembea: akiimarika miguu, ataiacha.

7. Twajifunza nini?

Siku hizi ala nyingi za polisi na askari ni za plastiki. Ni rahisi, hazinyonyi maji. Mahitaji yaliyozaa ala ya ngozi yamepungua, lakini ufundi bado upo, kwa sababu ulihama kutoka kwa wachache walioulinda ukaenda kwa wengi walioupenda. Na kuna jambo la haki ndani yake. Yule mchoraji wa dukani aliyegonga maua chini ya jina la mwingine, leo mwenzake anafanya kazi mezani pake, kisha anageuza ngozi na kupiga nyuma yake jina lake mwenyewe. Mwanahistoria atakayeiokota kazi hiyo baada ya miaka mia atajua ni mkono wa nani.

Katika kijiji chako wapo watu wenye ufundi ambao haumo katika kitabu chochote: mshona viatu, msuka mikeka, mfua vyuma, mchonga milango. Ukijua kuandika, nenda ukaandike jinsi wanavyofanya kazi, na usisahau kuandika majina yao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini ngozi ya magome hushika chapa, na ngozi ya kromu haishiki vizuri?

2. Taja njia iliyopitwa na nakshi za ngozi kutoka Cordoba mpaka Texas. Ni nani waliozichukua?

3. Herufi W.T. katika ala zamwambia mwanahistoria nini? Kwa nini asiziamini peke yake?

4. Je, ni haki jina la mwenye duka kupigwa juu ya kazi ya mkono wa mwingine? Kila mtu atoe sababu zake.

5. Ni ufundi gani wa hapa kwenu ulio karibu kupotea? Kikundi kichague mzee mmoja, kimwombe afundishe, na mtu mmoja aandike.

Juma lijalo tutasoma habari za wafua vyuma. Kwaherini.